Klachi Nyuma ya Pazia

Harufu ya vitunguu vilivyolala kwenye gunia, ikichanganyika na petroli, bado inanisimamisha njiani. Juzi nilikuwa napita Mtaa wa Mkunguni na mifuko yangu miwili, nimechoka, jua limenikaa utosini, mara kirikuu kikasimama mbele yangu kushusha mzigo. Dereva akafungua bodi la nyuma na harufu yote ikanijia usoni. Wachukuzi wakanipigia kelele, "Dada, njia! Dada, pisha basi!" nami nimeganda tu katikati ya barabara, mpaka mmoja akanisogeza kwa gunia alilobeba.

Hiyo ilikuwa harufu ya baba yangu, na baadaye ikawa harufu ya mama yangu. Katikati hapo pana kipindi ambacho gari lilisimama bila mwenyewe. Nimekibeba kipindi hicho peke yangu miaka mingi, na siku hizi nachoka upesi. Wa umri wangu watanielewa. Vijana wa leo watauliza kwa nini hamkutazama kwenye simu gari linavyoendeshwa. Simu ya mama ilikuwa ya kubofya, ina tochi na mchezo wa nyoka, basi.

Tuliishi chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili pale Mtaa wa Sikukuu: vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, na uani bomba la maji lenye tabia zake. Baba alikuwa na kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo vinavyojipenyeza popote. Kila alfajiri alipakia vitunguu sokoni akavisambaza mahotelini mjini, akamalizia Feri kwa wakaanga samaki. Siku zisizo za shule nilikaa naye mbele, miguu yangu haigusi chini. Nilikuwa na miaka saba na nilijiona utingo kamili. Baba alinifundisha kuyataja ya chini ya miguu yake kwa mpangilio, klachi, breki, mafuta, nami nikawa nayaimba njia nzima mpaka ananiambia sasa yatosha, mama. Kisha akaugua homa iliyoanza kama homa nyingine zote, na wiki ya pili akafa.

Mama akakaa eda. Mke aliyefiwa na mumewe, kwa sisi Waislamu, hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki bila dharura, hajipambi, wala haonani na mwanamume anayeweza kumwoa. Kwetu jambo hilo lilishikwa sawasawa. Mlango wa chumba ukatundikwa pazia zito la kijani, mama akavaa nguo nyeupe, na bibi, mama yake mzazi, akaja kutoka Kilwa na kapu lake kukaa naye.

Mimi nilielewa kwamba mama amefungwa. Nikatafuta kosa lake ni lipi, nikafikia uamuzi kwamba ni kwa sababu siku ya mwisho baba alikataa dawa na mama hakumlazimisha. Sikumwuliza mtu, maana jibu nilikuwa nalo tayari. Nilimkasirikia kimyakimya, na wakati huohuo nikawa nampelekea maji ya kunywa kila mara ili kifungo kipungue. Maskini mama, aliyanywa yote.

Siku ya arobaini, hitima ilipokwisha, wazee wa upande wa baba walibaki ukumbini kuzungumza mirathi. Msemaji alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba. Miaka yake yote alikuwa dereva wa malori ya Songea na Tunduru, mpaka goti lake la kulia likakataa kukunja, akaishia Mbagala na mkongojo. Alikuwa mtu wa haki na mtu mgumu, na mtoto hawezi kutofautisha mambo hayo mawili.

"Gari si kabati," alisema kwa sauti, ili mama amsikie kule nyuma ya pazia. "Likisimama linakufa. Mimi kwa goti hili siendeshi. Shemeji haendeshi. Eda ikiisha, kama nyumba hii haina mwenye leseni, tuliuze, kila mtu apate fungu lake kama sheria inavyosema."

Hakuna aliyebisha, kwa kuwa hakusema uongo. Lakini bila gari hapakuwa na kodi ya chumba, na bila chumba mipango ilikwishapangwa: bibi angerudi na mwanawe Kilwa, na mimi, mtoto wa ukoo wao na mwanafunzi wa darasa la kwanza, ningehamia Mbagala kwa baba mkubwa. Nilikuwa nimelala mkekani najifanya nimesinzia. Katika maneno yote yale nilishika moja tu. Mama Kilwa, mimi Mbagala.

Ndipo sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia. Ilikuwa ndogo, imekwaruza kwa kulia.

"Shemeji, eda ikiisha nipeni wiki tatu."

"Za nini?"

"Za leseni."

Wazee wawili wakacheka kile kicheko cha msibani, cha puani. Baba mkubwa hakucheka. Aligongesha mkongojo wake sakafuni mara moja.

"Haya. Wiki tatu. Isizidi hata siku."

Kesho yake asubuhi, kabla bibi hajamaliza kunywa chai, mama alivuta kigoda akakaa katikati ya chumba, mgongo ukielekea kitanda. Akaniita.

"Zaina, wewe ndiye uliyekuwa unakaa mbele na baba'ko. Alikuwa anakanyaga nini?"

"Klachi, breki, mafuta," nikajibu kwa fahari.

"Haya nipangie."

Nilichukua kandambili tatu: yangu ndogo, ya bibi iliyolika kisigino, na ya mama. Nikachuchumaa mbele yake tukitazamana, nikazipanga chini moja moja huku naimba kama baba alivyonifundisha, kutoka kushoto kwangu kwenda kulia kwangu. Mama akaweka miguu yake juu, akajaribu, akasema zimekaa vizuri. Sinia la pilau likawa usukani. Mwiko wa ugali tukausimamisha ndani ya kopo la mchele, ukawa gia.

Bibi aliweka kikombe chini. "Makubwa haya! Nimeona watu wakisafiri kwa meli, nimeona kwa ndege. Kwa kigoda, mwanangu, sijaona."

Lakini siku ya tatu naye alivuta mkeka akakaa nyuma, akawa abiria. Alikuwa abiria msumbufu. "Dereva, nishushe Mnazi Mmoja. Dereva, polepole, nina mayai." Mama alikuwa akicheka, na mara nyingine kicheko kilimgeuka katikati ya njia, machozi yakawa yanadondokea kwenye sinia huku mkono wake bado unabadilisha gia. Bibi alinyamaza hapo mpaka tufike. Tulikwenda Feri kila siku kwa njia hiyo, kupitia Lumumba, mnara wa saa, sanamu ya Askari, na kurudi, na mama hakuwahi kuvuka pazia.

Kosa langu la kwanza nililolijua lilitokea chuoni, kwenye madrasa. Mtoto mmoja alijigamba kwamba baba yake kanunua pikipiki. Nikaona siwezi kulala na jambo hilo moyoni.

"Mama yangu mimi anaendesha gari. Kila siku."

"Mwongo! Mama yako si yuko eda?"

"Anaendesha. Jana tumeenda Feri. Bibi tukamshusha Mnazi Mmoja."

"Sema wallahi."

"Wallahi."

Mdomo huponza kichwa, ila safari hii kichwa hakikuwa changu. Watoto walifika na habari makwao, makwao wakaipeleka kwenye foleni ya maji, na huko ikaota miguu. Mjane wa Sikukuu anakatiza mitaa na gari la marehemu, eda hata haijafika nusu. Baada ya siku mbili, alasiri, nilisikia mkongojo unagonga saruji ya ukumbi: ko, ko, ko. Nilimsalimia shikamoo baba mkubwa, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alisimama hatua mbili kutoka kwenye pazia.

"Shemeji. Kaburi la mdogo wangu udongo haujakauka."

"Kuna nini, shemeji?"

"Umeonekana Feri."

"Na nani?"

"Na watu!"

"Watu gani hao? Mimi hata kizingiti hiki sijakivuka."

Bibi akaingilia kutoka mkekani. "Mimi mwenyewe nilikuwemo. Nilishuka Mnazi Mmoja."

"Astaghfirullah!" Baba mkubwa alishika ukuta. Nilijificha nyuma ya mlango wa uani, kwa maana nilikwishajua maneno hayo yametoka mdomoni mwa nani.

"Mwonyeshe, mwanangu," bibi alisema, sasa bila mzaha.

"Nitamwonyeshaje? Hawezi kuingia."

"Basi asikie."

Nikasikia kigoda kikiburutwa. Kisha mama akaanza, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya kumtia hatiani. "Nawasha gari. Nakanyaga klachi. Naingiza gia ya kwanza." Mwiko ukagonga kopo. "Natazama kioo. Natoa indiketa ya kulia. Naachia klachi polepole, nakanyaga mafuta..." Kandambili zikapiga saruji, pa, pa. Alitoka Sikukuu akaingia Msimbazi, akasimama kwenye pundamilia akawapisha watu. Baba mkubwa alikuwa bado ameshika ukuta. Uso wake niliuona ukibadilika, kutoka hasira kwenda kwenye kitu nisichokijua, na macho yake yakajaa maji. Nilidhani goti linamuuma.

"Breki ya mkono," alisema mwishowe.

Kandambili zikakoma. "Nini, shemeji?"

"Hujaachia breki ya mkono tangu umeondoka. Hapo ulipo gari linanuka moto." Alivuta kiti cha kukunja, akakaa, akalipa pazia mgongo. "Rudi Sikukuu. Anza upya."

Ndivyo alivyoanza kumfundisha. Karibu miezi mitatu alikuja kila Jumatatu na Alhamisi, kutoka Mbagala na goti lile, akakaa ukumbini akimpa mama mgongo. Mimi niliamini anamwogopa. Watu wazima wakiogopana, nilifikiri, hawatazamani, na nikamheshimu mama zaidi kwa hilo.

Alikuwa mwalimu mkali. "Mkokoteni umekatiza!" alipiga kelele ghafla, na ndani mama akakanyaga, pa! "Umechelewa. Umeshamgonga. Shuka ukamwombe radhi." Siku nyingine: "Trafiki kakusimamisha hapo Lumumba. Unasemaje?"

"Namwambia shikamoo."

"Kijana wa miaka ishirini na tano unampa shikamoo? Unamwambia habari ya kazi afande, unatoa karatasi zako, unanyamaza. Maneno mengi yanamfanya mtu atafute kosa."

Alitaja klachi, akataja breki, akataja mafuta, akafundisha mpaka namna ya kulisikiliza gari linapoomba gia nyingine. Aliyajua magari kwa masikio. Alasiri ziliisha hivyo, na akiondoka mama alijilaza kitandani na nguo zake nyeupe, vifundo vya miguu vikimtetemeka vyenyewe. Bibi alimkanda kwa maji ya moto. Kapu la bibi lilikaa pembeni ya mlango muda wote, limefungwa.

Eda ikaisha. Mama akaoga, akabadilisha nguo, akatoa sadaka, na asubuhi iliyofuata akaenda kutafuta lena, ile leseni ya kujifunzia. Aliuza herini zake akalipia shule ya udereva. Nilikuwa likizo, hivyo somo la kwanza alikwenda nami, tukafika viwanja vya Jangwani ambako magari mawili matatu yenye herufi L nyekundu yalikuwa yanazunguka kwenye vumbi. Mwalimu alikuwa kijana wa miwani ya jua, anatafuna kijiti. Nikakaa nyuma. Nilikuwa na raha. Miezi mitatu nimekuwa nikimwona mama anaendesha, na leo Jangwani nzima itamwona.

"Haya mama, washa. Kanyaga klachi mpaka mwisho."

Mama akakanyaga kwa nguvu zake zote. Gari likanguruma mpaka vioo vikatetemeka, na kijana mmoja aliyekuwa anapita na mzigo kichwani akaruka pembeni.

"Klachi, mama! Klachi!"

"Nimekanyaga!"

"Hayo mafuta hayo! Mguu wa kushoto! Mama, klachi iko kushoto siku zote. Nani kakufundisha wewe?"

Mama akaondoa miguu yote miwili. Gari likatulia. Aliinamisha kichwa akaitazama miguu yake kwa muda mrefu, na nikaona mdomo wake ukisogea bila sauti, klachi, breki, mafuta, kidole chake kikihesabu kuanzia kulia kwenda kushoto. Kisha akainua macho kwenye kile kioo cha juu. Mimi nilikuwa nimeshageukia dirishani.

Nilielewa pale pale. Nilipomwimbia baba wimbo wake nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, tunatazama mbele wote wawili. Nilipompangia mama nilikuwa nimemkabili. Kushoto kwangu ni kulia kwake. Breki peke yake ndiyo iliyokuwa mahali pake. Na baba mkubwa, aliyeweza kusikia breki ya mkono isiyokuwepo, hakuweza kuona miguu ya mwanamke aliye edani.

Sikusema kitu. Niliogopa Mbagala. Nilijua hakika kwamba ikigundulika ni mimi, nitapelekwa siku ile ile, na kapu la Kilwa litabebwa.

Wiki mbili mama alipambana na miguu yake mwenyewe. Nimeona watu wakijifunza mambo magumu, lakini kusahau ulichokwisha kujifunza kunachosha kuliko yote. Aliosha vyombo huku akikanyaga sakafu, kushoto, kulia, kushoto. Aliwaza sana kabla ya kila hatua, hata akitembea kwenda dukani alionekana kama mtu anayeumwa nyonga. Kandambili zile alizipanga upya sawasawa, mwenyewe, wala hakuniita. Namna alivyonitazama haikubadilika, na hilo ndilo lililoniumiza. Ningependa anichape yaishe.

Siku ya mtihani wa vitendo tulikwenda pamoja tena, maana bibi alikuwa na homa. Nikabaki kwenye benchi na waliokuwa wakisubiri. Trafiki aliyemtahini alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na kalamu sikioni, hana ubaya wowote. Mama aliondoka vizuri. Aliweka indiketa, akazunguka, akarudi nyuma katikati ya madumu bila kugusa hata moja, nami nikaanza kupumua. Walikuwa wanarejea, mwendo wa kobe, ndipo mkokoteni wa viazi ukakatiza. Tukio hilo alilifanya na baba mkubwa labda mara mia. Miguu yake ikajibu kama ilivyofundishwa nyuma ya pazia: mguu wa kushoto kwenye breki iliyokuwa sahihi, na wa kulia, kwa haraka yote, kwenye klachi isiyokuwepo, yaani mafuta. Gari likanguruma likaruka mbele. Trafiki akavuta breki ya mkono. Lilisimama karibu kabisa na mkokoteni, na mwenye viazi akatukana matusi ya nguoni kisha akamwona mama ni mtu mzima akaomba samahani.

"Mama, shuka," trafiki alisema kwa upole. "Nenda kajifunze tena."

Ukumbini kwetu siku ile walikuwepo baba mkubwa na wale wazee wawili, na nje ya nyumba mnunuzi alikuwa ameshafika, anagonga matairi ya kirikuu kwa kiatu. Wiki tatu zilikuwa zimeisha. Mama sasa alikuwa nje ya eda, lakini alikaa chini mlangoni pa chumba, mtandio umemfunika, anatazama sakafu.

"Nimefeli, shemeji."

"Umefelije? Wewe unajua. Mimi nimekusikia kwa masikio yangu unajua."

Akamweleza habari ya kandambili. Baba mkubwa alisikiliza, uso ukikunjamana.

"Klachi kulia? Nani aliyezipanga hizo?"

Nilikuwa nimesimama kando ya bibi, nimeshika kanga yake. Nakumbuka fundo nililolishika. Mama hakunitazama. Aliinua kichwa akamtazama baba mkubwa usoni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Nilizipanga mwenyewe, shemeji. Nilikuwa sijui. Ulikuja miezi mitatu, na hata siku moja hukuniambia mguu gani."

Baba mkubwa alitazama mikono yake. Nje nikasikia mnunuzi bado anagonga tairi.

"Ni kweli," alisema. "Sikusema mguu. Nilidhani... Miaka yote nimeendesha, sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu asiyeujua." Akageukia wazee wenzake, na sauti ilikuwa ya mtu aliyepigwa mbele ya watoto wake. "Mimi najiita dereva. Nimemfundisha mke wa marehemu nikamfelisha. Gari haliuzwi. Aliyefeli hapa ni mimi."

Akatoka nje mwenyewe, ko, ko, ko, kumrudisha mnunuzi.

Mama alirudia mtihani baada ya mwezi akafaulu. Siku hiyo bibi alibeba kapu lake, akasema Kilwa imemkumbuka. Mama aliendesha vitunguu miaka yote ya shule yangu, akawa mwanamke aliyezoeleka sokoni, Mama Zaina wa kirikuu, na wachukuzi wakamwogopa kwa ulimi wake. Nilisoma kwa gari lile. Mbagala nilikwenda sikukuu tu, kula na kurudi. Na kila sikukuu, baba mkubwa akishashiba, aliwageukia wageni akawasimulia alivyomfelisha shemeji yake, huku anacheka na kutikisa kichwa. Watu walicheka. Mama alitabasamu. Mimi nilikusanya sahani nikaenda uani.

Mwaka huu kisukari kikamlaza baba mkubwa. Tulikwenda kumwangalia, mama na mimi, naye alikuwa amebaki mifupa na macho. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji namnywesha kwa kijiko. Akausukuma mkono wangu taratibu akamwita mama asogee.

"Shemeji, niwie radhi."

"Kwa lipi tena, shemeji?"

"Ile habari. Nilikaa pale nikajifanya najua. Ungepoteza mtoto kwa ajili yangu."

Hakuwa akicheka safari hii. Nikagundua kwamba hakuwahi kucheka hata siku moja, alikuwa akiungama kila Idi mbele ya watu na sisi tukamchukulia mchekeshaji. Mama alimshika mkono.

"Nimekuwia radhi, shemeji. Duniani na akhera. Nawe niwie."

Uji ulikuwa unapoa. Nilikuwa na nafasi yote ya kusema, na nilikuwa na umri wote wa kusema, na sikusema.

Njiani ndipo nikamwambia mama. "Zile kandambili nilizipanga mimi."

"Najua."

"Mbona hukumwambia leo? Mtu anakufa, mama."

Akaweka mtandio wake sawa tukipita taa za barabarani. "Siku ile nilikuwa na watu wawili wa kuchagua nani abebe lile kosa," alisema. "Mmoja ana miaka saba. Mwingine ana mnunuzi mlangoni. Nikambebesha yeye, na gari likabaki. Leo nikamtue nimwambie nini? Kwamba nilijua?" Akageukia dirishani. "Nimechoka, Zaina. Niache."

Siku hiyo sikuwa na raha, wala iliyofuata. Asubuhi ya tatu nikaamua nitakwenda peke yangu nimwambie, ajue kwamba hakuwahi kumfelisha mtu, afe na jina lake la dereva likiwa safi. Nilipanga maneno njia nzima. Nilipokata kona ya mtaa wao nikaona jamvi limeshatandikwa nje na wanaume wameanza kukaa.

Binti yake mkubwa alinipokea mlangoni, akaniangukia begani. Alisema amekwenda alfajiri, kwa utulivu, hakuhangaika. "Tangu mlipoondoka alikuwa mwepesi, dada. Alikuwa anasema tu, Mama Zaina ameniwia radhi, sasa sina neno."

Nikasema alhamdulillahi. Nikavua viatu nikaingia ndani kukaa na wanawake.